Gadenia za kununua Mbeya, Iringa na Njombe: ninavyozipanga mimi

Mwaka juzi, mwezi wa sita, nilinunua gadenia kando ya barabara pale Uyole. Ilikuwa na ua moja lililofunguka na matumba kumi na saba. Idadi naikumbuka kwa sababu niliyahesabu ndani ya daladala, kiriba nimekipakata mapajani kama mtoto mchanga, na abiria wa pembeni ananusa wala hajifichi. Nilitoa shilingi 15,000 bila hata kuomba kupunguziwa. Siku ya tisa tumba la mwisho lilikuwa chini barazani, bado la kijani, halijafumbua hata ncha. Niliporudi kwa muuzaji alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole dada. Hiyo ililetwa na gari kutoka Dar. Imekutana na baridi."

Angenitamkia hayo kabla sijafungua pochi, ningemshukuru zaidi.

Tangu hapo nimenunua nyingine sita. Mbili zimekufa, nne ziko hai, na moja kati ya hizo nne inanukia ninapoandika haya. Nilichojifunza ni kwamba huku kwetu gadenia hainunuliwi kwa maua iliyobeba siku ile. Inanunuliwa kwa mizizi yake, na kwa mji unaoipeleka. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na ile ambayo wateja wengi huipita kitaluni bila kugeuka.

Kabla ya kupanga, ujue ni mmea wa namna gani

Gadenia na mbuni, yaani mti wa kahawa, ni ukoo mmoja. Chukua jani la gadenia uliweke karibu na jani la kahawa ya Mbozi: yote mawili yanang'aa, yana mishipa iliyozama, na yanatoka mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Aliyewahi kupita shamba la kahawa siku ile mibuni imechanua yote kwa pamoja baada ya mvua, harufu ya gadenia haitamshangaza. Ataona ni ile ile, imekolezwa tu. Inayouzwa zaidi asili yake ni Uchina na Japani, na jina lake la kitaalamu ni Gardenia jasminoides, yaani gadenia inayofanana na yasmini. Pengine ndiyo sababu baadhi ya wauzaji wetu huiita yasmini moja kwa moja. Mtu wa pwani akisikia hucheka, maana yasmini anayoijua yeye ni kitu kingine kabisa.

Inataka udongo wenye asidi, pH kati ya 5 na 6. Chai hupenda chini kidogo ya hapo, 4.5 hadi 5.5. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu au Mufindi ambaye jirani yake ana chai hana haja ya kuniuliza lolote kuhusu udongo. Achimbe shimo, apande. Taabu ipo mjini, kwenye viwanja vilivyojazwa vifusi na mabaki ya zege, na kwenye nyumba zenye maji ya kisima yenye chokaa. Angalia birika lako la chai ndani. Likiwa na ukoko mweupe mgumu, maji hayo hayo yataifanya gadenia iwe na majani ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo haikosi mbolea. Madini ya chuma yamo udongoni, ila chokaa inaizuia isiyafikie.

La pili ni baridi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Matumba ya gadenia hukua vizuri usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 18, na hudondoka hali ya hewa ikibadilika ghafla: joto la kitaluni leo, upepo wa Juni kesho. Mmea wenyewe haufi. Ni matumba yanayokwenda, na wewe uliyelipia matumba unaona umeibiwa.

1. Gadenia ya ua la safu moja

Hii ndiyo ninayoiweka juu, na najua wengi hawatanielewa mpaka wapoteze hela mara moja. Ua lake lina petali sita tu, limetandazwa kama nyota, na katikati linaonyesha vinyuzi vya njano. Kitaluni limekaa pembeni, halina majivuno. Mwenye kitalu mwenyewe wakati mwingine atakuvuta mkono akupeleke kwenye yale makubwa.

Ila ni ngumu. Huko Marekani kuna aina ya safu moja iitwayo Kleim's Hardy, ambayo hufika kimo cha sentimita 60 hadi 90 na kuvumilia baridi inayopita mbali kiwango cha kuganda kwa maji. Usitegemee kukuta jina hilo kwenye kiriba cha Mafinga. Miche yetu haina lebo, na mingine ya safu moja hurefuka kupita kiuno. Lakini nimeona tabia ile ile kwenye yangu. Julai baridi ilipounguza majani ya mipapai ya jirani, yenyewe iliinamisha tu majani asubuhi na saa nne ikasimama. Matumba yake ni membamba, yanafunguka hata hali ya hewa ikiyumba, na harufu haipungui ingawa petali ni chache. Yangu ya kwanza ya aina hii niliilipia 6,000, haina ua hata moja, na muuzaji akashangaa kwa nini nachagua "isiyochanua".

Kwa Njombe, Makete na Mufindi, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huganda juu ya majani, ningesema usinunue nyingine kwa ajili ya kupanda ardhini. Ya chunguni ni habari tofauti.

Faida moja zaidi: ya safu moja huweza kuzaa tunda, dogo, la rangi ya machungwa, lenye mbavu. Wachina na Wajapani wamelitumia miaka mingi kupaka vyakula rangi ya njano. Rangi yenyewe inatokana na kitu kile kile kinachoipa zafarani rangi yake. Sijawahi kupikia, nalitazama tu.

2. Gadenia ya maua yaliyojaa

Hii ndiyo iliyonitia hasara Uyole, na bado naiweka ya pili, kwa sababu tukisema ukweli hakuna ua linalofanana nayo. Petali zimepangana kama waridi, ua moja linajaza kiganja, na likiwa barazani jioni mgeni anaingia ndani akiuliza umepaka nini.

Inunue, lakini iwe ya chunguni, na uinunue wakati wake. Wakati wake ni Novemba au Desemba, mvua zikishaanza na usiku ukiwa umepata joto kidogo. Ukiinunua kati ya Mei na Agosti unanunua mche uliofungiwa sehemu ya joto ili upendeze kwa mteja, na baraza lako si sehemu hiyo. Chagua yenye matumba madogo yaliyofumba kabisa au isiyo na tumba lolote. Ukiona ua moja limefunguka, linuse, furahi, kisha uangalie mche wa pembeni yake.

Muulize muuzaji mche umekaa hapo muda gani. Siyo kwa kumshuku, kwa adabu tu: "Kaka, hii umeiotesha mwenyewe au umeletewa?" Mwenye kuotesha atakujibu kwa majivuno na kukuonyesha mama mmea alikokata vipandikizi. Aliyeletewa ataanza kukuambia habari za mbolea. Mche uliokaa kitaluni miezi miwili mitatu ya baridi ya hapa hapa, hata kama majani yake yamepauka kidogo, ni bora kuliko unaong'aa ulioshuka kwenye fuso juzi.

Iringa mjini hii inafanya vizuri kuliko Mbeya, kwa maoni yangu, ukiwa na ukuta unaoikinga na upepo na ukikumbuka kumwagilia. Kuna mama mmoja Gangilonga anayo mlangoni kwake, nikipita natoa salamu ya "kamwene" kwa sababu mbili.

3. Gadenia kibete

Majani membamba, maua madogo, inatambaa badala ya kusimama. Nyingi hubaki kati ya sentimita 30 na 60. Watu huipanda kando ya njia ya kuingilia nyumbani. Ni nzuri kwa chungu kidogo na kwa mpangaji anayehama kila mwaka. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo kiangazi cha Julai hadi Oktoba usipomwagilia siku tatu inakupa jibu. Baridi nayo haiivumilii kama ile ya kwanza. Sina zaidi ya kusema juu yake.

4. Gadenia ya Afrika Kusini

Jina lake ni Gardenia thunbergia, na mwenye kiwanja kikubwa aifikirie kwa makini. Hii ni kichaka kinachofika mita mbili hadi nne au zaidi, chenye matawi magumu ya kijivu na ua jeupe lenye mrija mrefu, ambalo huchavushwa usiku na nondo wenye ndimi ndefu. Ikishashika ardhi inastahimili kiangazi na baridi ya wastani, na kwa ukavu wa Iringa kuelekea Ismani ningeichagua kabla ya ya pili. Tatizo ni mbili. Vitaluni ni adimu, na ukiipata ni kijiti kisichovutia. Halafu inakua polepole, ukiipanda mtoto akiwa darasa la kwanza usitegemee kivuli kabla hajamaliza la saba.

Lakini ina kazi nyingine ambayo vijana wa Rungwe na Njombe wanaobebesha parachichi wataielewa haraka. Mizizi yake inastahimili minyoo fundo kuliko ile ya Kichina, na nchi nyingine gadenia za maua makubwa hubebeshwa juu ya shina lake. Kama bustani yako ilikuwa ya nyanya, na ukizing'oa mizizi ilikuwa na vinundu kama vijiwe, basi fundi wako wa parachichi anaweza kujaribu. Atakutoza zaidi kwa sababu hajazoea. Mlipe.

5. Gadenia ya porini

Tunayo ya kwetu, Gardenia ternifolia, inayoota kwenye miombo, na ukishuka upande wa Ruaha unaweza kuiona: mti mdogo uliojikunja, matunda magumu ya kijivu yaliyoganda tawini muda mrefu, na ua jeupe linalogeuka njano linapozeeka. Harufu yake ni tamu. Mbao yake ngumu huchongewa miiko. Naiweka ya mwisho kwa sababu moja tu, kwamba haiuzwi. Utaokota tunda nje ya hifadhi, utalipasua kwa nyundo, utaotesha mbegu na kusubiri. Mwenye subira hiyo hahitaji mwongozo wa ununuzi.

Zinazouzwa kwa jina lake

Kuna kichaka kingine chenye maua meupe na majani ya kung'aa ambacho nimeuziwa kama gadenia, na nimeona wenzangu wakiuziwa pia. Kipimo hakihitaji utaalamu. Omba ruhusa, chuma jani moja la chini, livunje kikonyo. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si gadenia. Gadenia haina maziwa. Na kama jani moja limegawanyika vijani vidogo vingi, na ukilifikicha linanukia chungwa, hicho ni kichaka cha aina nyingine, ambacho kwa uzio wa nyumba si kibaya, ila bei yake iwe ya kwake.

Malkia wa usiku hata simtaji kama mbadala. Harufu yake ni kali, dirisha la chumbani litafungwa.

Kukagua mche kabla ya kutoa hela

Geuza jani. Wateja wengi hutazama juu, na wadudu hukaa chini. Ukiona vidonge vya kahawia vilivyobandikwa kwenye mshipa, hao ni wadudu gamba. Ukiona pamba pamba kwenye kona ya jani na tawi, hao ni vidung'ata. Majani yenye masizi meusi kama ya jikoni ni dalili kwamba kuna anayefyonza juu yake, maana masizi huota juu ya utamu anaoumwaga. Mche huo uache hata ukipewa kwa nusu bei, kwa sababu utawapeleka kwenye mchungwa wako.

Kisha mizizi. Mwombe muuzaji akate kiriba upande mmoja, au akikupa ruhusa kibonyeze chini kwa vidole viwili. Unataka mizizi myeupe au ya rangi ya majani makavu, iliyofika pembeni bila kujizungusha mara tano. Ikiwa imejisokota kama kamba ya kisima, mche ni mzee kuliko kiriba chake. Ikiwa ni myeusi na inanuka kinamasi, maji yameshaiua. Ikiwa na vinundu, ni ile minyoo fundo niliyokueleza.

Mwisho umbo. Mfupi mwenye matawi manne matano kuanzia chini anamshinda mrefu mwenye shina moja. Urefu unalipiwa kitaluni, matawi ndiyo yanayobeba maua.

Wapo wanaovuka Kasumulu kununua miche Malawi kwa sababu bei ni nzuri. Mche hai ukivuka mpaka unatakiwa uwe na kibali na cheti cha afya ya mimea, na kwa upande wetu mamlaka inayohusika ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usiufiche chini ya mahindi.

Chungu na udongo

Vyungu vizuri vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara vina kasoro moja ambayo haielezwi: saruji mpya hutoa chokaa, na gadenia ni kama umeiweka ndani ya gunia la chokaa. Ukikipenda kijaze maji, kiache siku tatu, mwaga, jaza tena, fanya hivyo wiki mbili. Au paka ndani rangi isiyopitisha maji. Mimi, kati ya nne zangu, mbili zimo kwenye ndoo za plastiki za lita 20, nimetoboa matundu manane chini, na nje nimeviringishia mkeka ili wageni wasisome jina la kampuni ya rangi.

Kuna wanaotumia vyungu vya Wakisi wa Ikombe kutoka mnada wa Matema. Vinapendeza mno. Ila chini ni mviringo, vinahitaji kata ya kukalia, na kuvitoboa bila kuvipasua ni kazi ya kwenda taratibu: kiloweke usiku kucha kwanza, kisha tumia msumari na mawe madogo ya kupiga, siyo nyundo. Udongo ndani yake hukauka haraka.

Udongo wangu ni ndoo mbili za udongo mweusi wa juu kutoka kwenye miti ya misindano, ndoo moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, na nusu ndoo ya mchanga wa mtoni. Juu natandaza sindano za msindano. Wa Mufindi, ninyi mnazo bure, msitu wa Sao Hill umejaa. Kila wiki tatu wakati wa mvua naweka kijiko kimoja cha chai cha SA, mbolea ya salfeti ya amonia, kwa ndoo, pembeni mbali na shina, na kumwagilia. SA hupunguza pH kidogo kidogo, na duka la pembejeo litakupimia hata nusu kilo. Mbolea ya CAN iache, ina chokaa ndani yake.

Na majivu. Hapa nina ugomvi na ndugu zangu. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea, akaona mche umenyong'onyea, akaumwagia makopo mawili ya jivu la jikoni kwa mapenzi kabisa, kama afanyavyo kwenye migomba yake Kiwira. Migomba hufurahi. Gadenia ile ni moja kati ya mbili zilizokufa. Sikusema kitu, angalau siku ile.

Ukifika nyumbani na mche, usiutoe kwenye kiriba siku hiyo hiyo. Uache wiki mbili mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, pasipo upepo, umwagilie maji ya mvua kama umeyakinga. Baada ya hapo hamishia chunguni bila kuzika shina zaidi ya lilivyokuwa. Usiuzungushe zungushe kila siku ukitafuta pa kuuweka. Ukihamahama unadondosha matumba kama ulivyoona.

Mwenye rafiki aliye na gadenia hata hela hahitaji. Januari au Februari mwombe kipande cha tawi cha sentimita 10 hadi 12, kisichokuwa laini sana wala kigumu, toa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kifunike kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Wiki sita hadi nane kitakuwa na mizizi. Miche minne nimeipata hivyo, mitatu nimeigawa.

Siku ua la kwanza likifunguka na ukitaka kulipeleka mezani, shika kikonyo tu. Pale kidole kitakapogusa petali, kesho asubuhi patakuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kidole chako.